Ufito wa Kuvulia: Kutoka Mwanzi Hadi Kaboni

  Mara nyingi katika masomo haya tumesoma habari za falme, za vita na za mikataba. Leo nataka tusome historia ya kitu kimoja chembamba, ambacho hata mtoto aweza kukibeba begani: ufito wa kuvulia samaki. Msicheke. Mtaona kwamba vita na biashara za mataifa zimo humo humo ndani ya ufito.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema "ufito mtupu" nina maana ya ufito ambao haujafungwa kitu. Hauna mpini, hauna pete za kupitishia mshipi, wala hauna kigurudumu cha kuukunjia. Ni mwili wa ufito tu, mnene upande wa chini na mwembamba kama unyasi upande wa juu. Huko Marekani na Kanada wako watu wengi ambao hawapendi kununua ufito uliokwisha kutengenezwa. Hununua ufito mtupu, kisha hukaa nyumbani jioni na kuufunga wenyewe kwa uzi na gundi, pete moja moja, mpaka uwe chombo cha kazi. Mtu wa namna hii akikosea katika kuuchagua ule mwili, hata afunge pete za dhahabu hazitamfaa kitu. Basi swali letu la leo ni hili: mwili huo huchaguliwaje, na watu walijifunzaje kuuchagua?

Chukueni ramani ya Amerika ya Kaskazini. Kati ya Marekani na Kanada mtaona maziwa makubwa matano. Moja laitwa Erie. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 25,700 hivi, yaani halifiki nusu ya Ziwa Victoria. Upande wake wa magharibi maji ni machache, kina chake cha wastani ni mita 7 tu. Humo huishi samaki aitwaye wolai. Ana meno makali na macho makubwa yanayong'aa gizani kama macho ya paka, na jina lake la Kiingereza limetokana na macho hayo. Huona vizuri katika maji ya matope na katika mwanga hafifu, kwa hiyo hutafuta chakula zaidi jioni na alfajiri. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na watu wa huko humsifu kuliko samaki wengine wote wa maji baridi.

Njia moja ya kumvua ni hii. Mvuvi hufunga ndoana iliyoyeyushiwa risasi shingoni, huitia chambo, huishusha mpaka iguse chini, kisha huiinua kidogo na kuiacha ishuke tena. Huinua, huacha, huinua, huacha. Chambo huonekana kama kidagaa kilichojeruhiwa. Wolai akija mara nyingi havuti kwa nguvu. Hufungua kinywa na kukinyonya chambo pamoja na maji, na akihisi kitu kigeni hukitema. Jambo lote hilo laweza kwisha kabla hujasema "moja". Mara nyingine dalili yenyewe ni kwamba ule uzito wa risasi uliokuwa ukiusikia mkononi umetoweka tu.

Wale kati yenu wanaovua kwa mshipi wa mkono watanielewa upesi. Mvuvi wa mshipi huulaza mshipi wake juu ya kidole cha shahada, na kidole husikia: hapa ni mchanga, hapa ni mwamba, huyu ni mdogo adokoa, huyu ni mkubwa. Sasa mpe mvuvi huyo ufito. Ufito utamsaidia kutupa chambo mbali na kumchosha samaki bila kukata mshipi. Lakini umeingia kati ya samaki na kidole. Umekuwa mjumbe. Na wajumbe hawafanani: mmoja hufikisha habari nzima, mwingine hufika na nusu, tena amechelewa. Shikeni neno hili la mjumbe, maana tutapima nalo kila ufito tutakaoutaja.

Zamani fito zilikuwa za mti. Waingereza walipenda mti mgumu sana kutoka Guyana. Ulikuwa na nguvu, lakini ulikuwa mzito, na mkono ulichoka kabla ya saa sita. Tuuache upesi, maana habari kubwa yaanza na mwanzi.

Katika miaka ya 1840, mjini Easton katika jimbo la Pennsylvania, alikuwako fundi wa bunduki aliyeitwa Samuel Phillippe. Bwana huyu alipasua mwanzi na kuugandisha tena kwa gundi kuwa kipande cha ufito. Mtauliza, kwa nini aupasue kitu kizima kisha akiunge? Jibu limo katika mwanzi wenyewe. Ukiukata mwanzi na kuutazama, utaona kwamba nyuzi zenye nguvu zimebanana karibu na ganda la nje. Ndani ni laini, na katikati ni tundu. Phillippe alitwaa zile sehemu za nje tu. Katika miaka ya 1870 fundi mwingine, Hiram Leonard wa Bangor katika jimbo la Maine, alitumia mashine ya kuchonga vijiti virefu vyenye pembe tatu. Vijiti sita vikigandishwa pamoja hufanya ufito wenye pande sita, ganda lote likiwa nje na hakuna tundu ndani. Inasemekana mashine yake aliifungia katika chumba chenye kufuli, watu wengine wasiione. Siwezi kumlaumu, fundi ajuaye thamani ya siri yake haiachi mlangoni.

Mwanzi bora kuliko yote kwa kazi hii ulipatikana China, karibu na mto mmoja katika wilaya ya Huaiji, jimbo la Guangdong. Wafanya biashara waliuita mwanzi wa Tonkin, ingawa Tonkin ni sehemu ya Vietnam na mwanzi huu hautoki huko. Ndivyo biashara ilivyo: jina likishazoeleka, ukweli wa ramani hausumbui mtu. Mmarekani mmoja mwenye elimu ya mimea, Floyd McClure, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Canton, aliuandika rasmi mwaka 1931 na kuupa jina la Kilatini lenye maana ya "upendezao". Ni mwanzi ulionyoka, pingili zake si za uvimbe mkubwa, na nyuzi zake zimebanana sana. Ufito mzuri wa mwanzi huo ulikuwa mjumbe mwema kuliko mti: mwepesi zaidi, na ukiupinda warudi mara moja.

Lakini ufito mzuri wa mwanzi ulikuwa kazi ya mikono mingi na siku nyingi, na bei yake haikuwa ya mtu wa mshahara mdogo. Za bei rahisi zilikuwako, zilizotengenezwa kwa haraka viwandani. Hizo zilipinda jua likiwaka na gundi yake ikaachia mvua ikinyesha.

Sasa vita vyaingia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwanzi wa China haukufika Marekani kwa urahisi. Katika miaka hiyo mtaalamu mmoja wa kemia, Dakta Arthur Howald, alikwenda kuvua katika sehemu ya kaskazini ya jimbo la Michigan, na ncha ya ufito wake wa mwanzi ikavunjika. Mwanzi wa kutengenezea nyingine haukupatikana. Lakini Howald alifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza gundi za kikemia mjini Toledo, na Toledo ulikuwa mji wa kioo. Tangu 1932 watu wa jimbo hilo la Ohio walikuwa wamegundua namna ya kupuliza kioo kilichoyeyuka kikawa nyuzi nyembamba kama nywele. Mwaka 1938 ilianzishwa kampuni mjini Toledo ya kutengeneza nyuzi hizo, na wakati wa vita zilitiwa gundi na kufanywa vipande vya ndege. Howald alitwaa nyuzi za kioo, akazilaza kwa urefu, akazilowesha gundi, akapata ncha mpya. Ncha hiyo ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyovunjika. Muda mfupi baada ya vita, kampuni ya Shakespeare ya mji wa Kalamazoo, Michigan, ikaanza kuuza fito za kioo za mpango wake.

Angalieni ramani tena. Toledo uko wapi? Uko kwenye pembe ya magharibi ya Ziwa Erie, pale Mto Maumee unapoingia ziwani. Kila mwaka, mwezi wa Machi na wa Aprili, wolai kwa maelfu huupanda mto huo kwenda kutaga mayai, na wavuvi husimama ndani ya maji ya baridi yakiwafika kifuani. Basi ufito wa kioo ulizaliwa pale pale kwenye mlango wa samaki huyu.

Huenda mwanzi ungalirudi baada ya vita na kushindana na kioo. Haukupata nafasi. Mwezi wa Desemba 1950, baada ya majeshi ya China kuingia katika vita vya Korea, serikali ya Marekani ilipiga marufuku biashara yote na China. Marufuku hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20, mpaka 1971. Fikirini watu wa pande mbili. Upande mmoja, mkulima wa Huaiji, ambaye mwanzi wake ulikuwa ukisafiri mbali hivyo, sasa amepoteza mnunuzi mkubwa kwa ugomvi ambao si wake. Upande mwingine, fundi wa Marekani, aliyejifunza kazi kwa miaka mingi, sasa atazama ghala lake likipungua. Wachache waliokuwa na akiba kubwa waliendelea. Wengi walifunga karakana au wakageukia kioo. Lakini mfanyakazi wa kiwandani, ambaye hakuwahi kushika ufito mzuri wa mwanzi, aliweza sasa kununua ufito usiooza, usiopindwa na jua, na usiovunjika ovyo. Ni hasara kwa hawa na faida kwa yule, na mwenye kuandika historia hana budi kuziandika zote mbili.

Je, kioo kilikuwa mjumbe mwema? Kwa kuvuta chambo nyuma ya mashua, ndiyo, na hata leo wako wanaokipendelea kwa kazi hiyo, kwa sababu hupinda polepole na hakimnyang'anyi samaki ndoana. Lakini kwa ile kazi ya kuinua na kuacha kilikuwa mjumbe mzito wa miguu. Kioo ni laini kwa uzito wake. Ukitaka ufito mgumu lazima uongeze kioo, na ukiongeza kioo umeongeza uzito, na uzito hunyamazisha ile mitetemo midogo. Wolai alinyonya, akatema, akaenda zake, na mkono haukupata habari.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa jambo lililotokea katika ziwa lenyewe. Mwaka 1970 iligunduliwa kwamba samaki wa maji hayo walikuwa na zebaki nyingi mwilini. Zebaki ni ile madini iliyo kama maji, inayong'aa, na ni sumu. Aliyetoa habari hiyo ni Norvald Fimreite, mwanafunzi kutoka Norway aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu kimoja cha Kanada. Sumu ilikuwa imetoka katika viwanda vya kemikali vilivyomwaga taka zao mitoni. Uvuvi wa wolai wa kuuza ulifungwa. Upande wa Kanada, katika jimbo la Ontario, nyavu zilirudi baada ya miaka kadhaa. Upande wa Ohio hazikurudi kwa wolai mpaka leo. Huko samaki huyu amekuwa wa watu wa ndoana peke yao. Maji yaliposafishwa na samaki kuachwa wazae, waliongezeka sana, hasa kizazi cha 1982. Hivyo Ohio samaki waliongezeka na wenye nyavu walikuwa wamekwisha ondolewa. Watu wengi wakamgeukia wolai kwa fito, na mtu mwenye ufito alianza kudai mjumbe bora.

Mjumbe huyo alikuwa tayari njiani, naye hakutumwa na wavuvi. Mwaka 1958, katika maabara ya kampuni moja huko Parma, karibu na Cleveland, Roger Bacon alitengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu ya ajabu. Kaboni ni kitu kile kile kilichomo katika makaa na katika risasi ya kalamu. Cleveland nao uko ufukoni mwa Ziwa Erie! Mwaka 1961 Akio Shindo wa Japani alionyesha njia nyingine, na mwaka 1963 Waingereza wa Farnborough, katika kituo cha serikali cha kuchunguza mambo ya ndege, wakapata yao. Wote walifikiria ndege na roketi. Kampuni ya Rolls-Royce ilijaribu kutumia kaboni kwa mapanga ya injini ya ndege. Katika majaribio mapanga hayo hayakuweza kustahimili kugongwa na ndege wa angani. Mwezi wa Februari 1971 kampuni ikafilisika kwa sababu ya gharama za injini hiyo.

Sasa wenye viwanda vya nyuzi za kaboni walihitaji wanunuzi. Marubani walisema ngojeni. Nani atanunua kitu ghali, chepesi, kigumu, ambacho kikivunjika hakiui mtu? Wachezaji wa gofu na wavuvi. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi hizo mwaka 1971, na mwaka uliofuata fito za kaboni zilitokea Japani. Huko Marekani kampuni ya Fenwick ilitoa zake mwaka 1973. Kwa hiyo mvuvi aliyesimama Maumee alishika mkononi kitu kilichokusudiwa kuruka angani.

Linganisheni wenyewe. Nyuzi za kaboni za kawaida zina ugumu kama mara tatu ya ule wa kioo, na ni nyepesi kuliko kioo. Ufito huwa mwembamba, mwepesi, na ukiguswa nchani hutetemeka upesi mpaka mkononi. Tangu wakati huo namna ya kuutengeneza haijabadilika sana. Shuka la nyuzi lililolowa gundi hukatwa umbo la bendera ndefu, huviringishwa juu ya chuma chembamba kilichochongoka, hufungwa utepe kwa nguvu, huokwa katika joko, kisha chuma huchomolewa. Kinachobaki ni mrija mtupu. Huo ndio ufito mtupu.

Haya, mwenye kutaka kujifungia ufito wa wolai afanyeje leo mbele ya fito mia moja za dukani? Kwanza asome. Kwenye ufito au katika orodha ya kiwanda huandikwa urefu, nguvu ya mshipi unaofaa, na uzito wa chambo. Ndoana za risasi za kazi hii mara nyingi ni za gramu 3 hadi 10. Akichukua ufito ulioandikiwa gramu 20 na zaidi, risasi ndogo haitaukunja hata kidogo, naye atakuwa kama mtu apimaye bizari kwa mizani ya magunia. Urefu wa futi 6 hadi 6 na nusu unatosha mashuani, ambako chambo hushushwa wima. Anayetupa kutoka ukingoni ataongeza.

Halafu autazame unapopindia. Watu huchanganya mambo mawili hapa. Nguvu ya ufito ni uzito unaotakiwa kuupinda; mahali pa kupindia ni jambo jingine. Kwa kuinua na kuacha, chagua ufito unaopinda katika theluthi ya juu, na sehemu nyingine ibaki imenyooka. Ule unaopinda mpaka mpini hupoteza habari njiani, na pia huchelewa kumpigia samaki ndoana.

Na hapa ndipo wengi huvutwa na namba. Viwanda hutangaza kaboni ngumu na ngumu zaidi, na bei hupanda pamoja na ugumu. Ni kweli kwamba kaboni ngumu zaidi hufikisha habari vizuri zaidi. Lakini kwa kuwa ni ngumu, kiwanda huweka kidogo, ukuta wa mrija huwa mwembamba, na pigo moja la risasi au la ukingo wa mashua laweza kuutia ufa usioonekana. Kwa maoni yangu anayefunga ufito wake wa kwanza achukue kaboni ya ugumu wa kati, na fedha iliyobaki anunue pete nyepesi. Pete nzito na gundi nyingi karibu na ncha huuharibu ufito mzuri. Kila gramu iliyoongezwa kule juu ni kama mzigo kichwani mwa mjumbe.

Liko na jambo la uti wa mgongo. Kwa kuwa shuka liliviringishwa, upande mmoja huwa mgumu kidogo kuliko mingine. Weka kitako cha ufito sakafuni, shika ncha kwa kiganja kilicho wazi, bonyeza katikati kwa mkono mwingine, nao utajizungusha wenyewe mpaka utulie upande mmoja. Mafundi wengi huweka alama hapo kabla ya kufunga pete. Wengine husema unyofu wa ufito ni muhimu zaidi, wakafuata jicho badala ya uti, na ubishi huu wao haujakwisha.

Sasa kazi yenu. Kila kikundi kitafute fito mbili zenye urefu sawa: mmoja wa mwanzi mkavu, mmoja wa mti mbichi. Fungeni mshipi wa hatua kumi kwenye ncha ya kila mmoja, na jiwe dogo mwisho wa mshipi. Mmoja wenu ashike ufito akiwa amefumba macho, na mwenzake aliguse lile jiwe kwa kidole, polepole, kisha polepole zaidi. Hesabuni ni mara ngapi kati ya kumi ametambua, kwa ufito huu na kwa ule, na muandike hesabu hizo katika madaftari kabla ya somo lijalo.